Koti la mvua limeanza kunyonya maji: limekwisha au linaokolewa?

Mpandavilima:
Habari za humu wadau. Nina koti la mvua la kupandia milima, lile la tabaka tatu lenye utando katikati. Zamani maji yakilipiga yalijikusanya matone na kuteleza. Siku hizi mabegani na mikononi kitambaa kinanyonya maji, rangi inakolea, koti linakuwa zito, na nikilivua nakuta shati nalo limelowa. Nalifua kwa sabuni ya unga na dawa ya kulainishia nguo, kisha naanika kivulini. Je, utando umetoboka? Ninunue jipya, au nipulizie ile dawa ya kopo ya kufukuza maji?

FundiNyuzi:
Mkuu, usitupe koti bado. Dalili zako si za kuvuja.

Koti la aina hiyo lina kinga mbili. Utando ndio unaozuia maji yasikufikie. Halafu kuna dawa iliyopakwa kwenye kitambaa cha nje, ambayo kazi yake ni kukifanya kisilowe. Dawa ikichoka, kitambaa kinanyonya maji lakini utando unaendelea kuyazuia. Tatizo ni jasho. Kitambaa kikishashiba maji, mvuke wa mwili hauna pa kutokea, tena kinakuwa cha baridi, kwa hiyo mvuke unageuka maji kwa ndani. Shati lako limeloweshwa na wewe mwenyewe!

Ukitaka uhakika, tandaza sehemu unayoishuku juu ya tishu kavu, upande wa nje uangalie juu, mwagia maji kidogo, uache kwa muda. Kitambaa kitalowa, sawa, lakini tishu ikibaki kavu, utando ni mzima.

BiKamba:
Naunga mkono. Na hiyo dawa ya kulainishia, kaka, achana nayo kabisa kwa nguo za mvua. Inaacha tabaka jembamba linalovuta maji, na sabuni ya unga isiyosuuzika vizuri hufanya hivyo hivyo. Ongeza mafuta ya mwili shingoni, losheni ya jua, moshi wa kuni. Mara nyingi dawa ya kiwandani bado ipo, ila imefunikwa.

Kabla ya kufua, chomoa kile kijisanduku cha sabuni cha mashine ukioshe. Pale kwenye kona hubaki ute wa rangi ya maziwa, na huo ukiingia kwenye maji umerudi ulikotoka. Funga zipu zote, legeza kamba, tumia sabuni ya maji ya nguo za kuzuia mvua, maji ya nyuzi 30 au kama lebo inavyosema. Suuza mara mbili. Ukifua kwa mkono usilisokote.

Kisha joto, na hapa ndipo wengi wanapopaacha. Molekuli za ile dawa zinatakiwa zisimame juu ya nyuzi. Zikichakaa zinalala kama nyasi zilizokanyagwa, na joto huzisimamisha tena. Kama una mashine ya kukaushia, weka joto la chini, na koti likishakauka liache humo dakika 20 hivi. Kama huna, pasi ya moto mdogo bila mvuke, na taulo katikati ya pasi na koti.

KijanaMbishi:
Mnamzungusha bure. Dawa ya kopo, pulizia, kazi kwisha.

FundiNyuzi:
Ipulizie juu ya uchafu uone itadumu muda gani. Dawa mpya inakuja baada ya kufua na kupasha joto, tena kama matone bado hayajarudi. Kwa koti lenye bitana, ya kupulizia ni bora kuliko ya kutia kwenye maji ya kufulia, kwa sababu hiyo ya pili inashika hadi bitana, ambayo tunataka iendelee kunyonya jasho.

Mtembezi_Kimya:
Samahani kuingilia. La kwangu ni jipya, halina PFAS (zile kemikali za florini za kufukuza maji), lakini limeanza kulowa mapema kuliko la zamani. Nimeuziwa bovu?

BiKamba:
Hapana dada. Dawa za zamani za PFAS zilifukuza maji na mafuta pia. Hizi mpya hufukuza maji, mafuta haziyawezi, kwa hiyo uchafu wa ngozi unazishinda haraka. Fua mara nyingi zaidi, basi. Kurudi nyuma hakupo: PFOA, mojawapo ya hizo PFAS, iliingizwa mwaka 2019 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu, na Ufaransa imepiga marufuku nguo zenye PFAS kuanzia Januari 2026, ukiacha baadhi ya nguo za kujikinga. Binafsi naona ni sawa. Kemikali zenyewe haziozi.

FundiNyuzi:
Tahadhari kwa wanaosoma: haya si ya koti la pamba lililopakwa nta. Hilo halitaki sabuni, mashine wala pasi, linafutwa kwa maji baridi na kupakwa nta upya. Na kama koti lako linabanduka vipande vyeupe ndani, au linanata mkononi, utando umeoza. Hapo hakuna dawa. Mkanda unaoziba mishono kwa ndani ukibanduka peke yake, fundi anaweza kuubandika.

Mpandavilima:
Mrejesho wadau. Tishu ilibaki kavu. Nimefua, nimesuuza, nimepiga pasi. Mgongoni na mikononi maji yanateleza kama zamani. Mabegani bado yananyonya.

FundiNyuzi:
Hapo mikanda ya begi imeisugua dawa yenyewe ikaisha, joto halina cha kusimamisha. Sasa ndiyo zamu ya kopo. Pulizia mabegani tu, koti likiwa na unyevu, subiri dakika mbili, futa ziada kwa kitambaa kibichi, kisha pasi kama maelekezo ya kopo yanaruhusu. Fanyia nje, usivute ile harufu.