Wimbo wa taifa uwe kwa lugha tunayozungumza, au tuuache ulivyo?

Mdau_Kayole

Hamjambo wadau. Kuna mdahalo wa vijana hapa Nairobi na hoja ni hii: "Lugha ya wimbo wa taifa iwe ile ambayo wananchi wanaizungumza." Mtaani ni Sheng, ofisini Kiingereza, nyumbani lugha ya mama. Lakini bendera ikipandishwa kwenye paredi ya Jumatatu, kila mtu anaimba "Natukae na undugu", na nusu ya watoto hawajui "natukae" ni neno gani.

Naomba kujua sheria inasemaje, nchi nyingine zilikwama wapi, na kama tunaweza kuongeza beti za lugha za mama walivyofanya Afrika Kusini. Nataka majibu yenye mashiko, si hisia.

Kifungu_cha_Saba

Tuanze na Katiba ya 2010. Kifungu cha 7 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 9 kinauweka wimbo kati ya alama za taifa, pamoja na bendera, nembo na muhuri wa umma. Maneno yenyewe yamo kwenye kiambatisho cha pili: beti tatu za Kiswahili na tatu za Kiingereza. Kwa hiyo anayeuimba kwa Kiingereza hajakosea kitu.

Kubadili hata neno moja ni kurekebisha Katiba. Wimbo haumo kwenye orodha ya kifungu cha 255 inayolazimisha kura ya maamuzi, kwa hiyo Bunge linaweza kulishughulikia jambo hili. Ila mswada ukishasomwa mara ya kwanza lazima upite siku 90 ndipo usomwe mara ya pili, kisha upate thuluthi mbili ya wanachama wote wa Bunge la Kitaifa na thuluthi mbili ya Seneti. Wote, si waliofika kikaoni siku hiyo. Njia nyingine ni sahihi milioni moja za wapiga kura, mabunge ya kaunti 24 kati ya 47 yaukubali, halafu mswada urudi Bungeni. Anayesema "tuguse maneno mawili tu" ajue anaomba haya yote.

Jambo ambalo wengi hawajaliona: Kiswahili na Kiingereza cha wimbo wetu havisemi kitu kimoja. Kiswahili kinamwita Mungu "nguvu yetu", Kiingereza kinamwita Mungu wa viumbe vyote. Panapoimbwa "undugu", Kiingereza kina umoja. Na mstari wa mwisho wa ubeti wa kwanza, Kiswahili kinaomba raha na ustawi, Kiingereza kinaomba neema tele ndani ya mipaka yetu. Undugu na umoja si kitu kimoja. Ndugu hata mkigombana mnabaki ndugu. Kwangu mimi Kiswahili ndicho kilichobeba uzito.

Sauti_ya_Tatu

Nijibu upande wa muziki, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi ya "tuongeze lugha" huvunjika.

Lahani ya wimbo wetu, yaani tuni yake bila maneno, si ya kigeni. Ni wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, kutoka Mto Tana. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliuchukua na kuupa maneno. Kwa hiyo lugha ya mama imo humo tangu siku ya kwanza, ila imo kwenye sauti badala ya maneno. Hili liwekeni kwenye mdahalo.

Sasa hesabu silabi za ubeti wa kwanza: 7, 8, 10, 8, 7, 9. Mstari wa tatu, "Haki iwe ngao na mlinzi", una 10 kwa sababu "m" ya mlinzi ni silabi peke yake. Kwenye beti ya pili na ya tatu mstari huohuo una 9 ("Nasi tujitoe kwa nguvu", "Kenya istahili heshima"). Ndiyo maana kwaya zinazojifunza ubeti wa kwanza tu hujikwaa papo hapo zikifika wa pili: wanalazimisha noti 10 kwenye silabi 9. Dawa ni kuusema mstari kwa mdomo mara kadhaa huku mkipiga kofi la mpigo, ndipo muimbe.

Kuweka maneno mapya juu ya lahani kuna masharti mawili. Kwanza mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo inatakiwa iangukie kwenye mpigo wenye nguvu. Ikianguka pembeni neno linasikika kama limesemwa na mgeni. La pili ni gumu zaidi: Kiswahili hakina toni, lakini Gikuyu, Kikamba na Dholuo zinazo. Katika lugha ya toni, sauti ikipanda au kushuka neno linaweza kugeuka maana. Lahani moja iliyokwisha kufungwa haiwezi kufuata toni za lugha nne au tano kwa pamoja. Utapata maneno sahihi kwenye karatasi yanayosikika vingine uwanjani.

Afrika Kusini mwaka 1997 hawakubandika lugha tano juu ya lahani moja fupi kama yetu. Waliunganisha nyimbo mbili: sehemu ya kwanza ina Kixhosa, Kizulu na Kisotho, halafu Kiafrikaans na Kiingereza juu ya lahani nyingine kabisa. Wimbo huanza kwa ufunguo mmoja (kimo cha sauti ambacho noti zote hukitegemea) na kumalizikia kwa mwingine. Umati usiokuwa na bendi hupotea hapo nyimbo mbili zinapoungana. Na lugha zao rasmi wakati ule zilikuwa 11, kwa hiyo hata wao waliacha sita nje. Sisi tuna zaidi ya 40. Utachagua zipi tano bila kuwasha moto?

Mdau_Kayole

Asante sana. Kuna mwalimu anasema "Ilete baraka kwetu" ni kosa la sarufi, ilifaa iwe "ulete" kwa kuwa tunamwambia Mungu. Kama wimbo wenyewe una kosa, si ndiyo sababu ya kuurekebisha?

Ngeli_na_Nahau

Si kosa. Hiyo "i" ya "ilete" si ya mtendaji, ni ya mtendwa: inarejelea baraka. Ni amri yenye kiambishi cha yambwa, na amri ya namna hiyo hugeuza irabu ya mwisho kuwa "e": leta, lakini *ilete*. Ni kama kumwambia mtu "kifunge kitabu". Watanzania wanaimba "Mungu ibariki Afrika" kwa muundo huohuo, "i" ikiwa ya Afrika. Ukiweka "ulete" sarufi bado inakubali, ila inakuwa sauti ya ombi la mbali, si mtu anayemwita Mungu uso kwa uso.

"Natukae" ni "na" ya kuhimiza iliyoungana na "tukae": haya, na tukae. "Raha tupate na ustawi" ni mpangilio wa kishairi wa "tupate raha na ustawi". Somo zima la dakika 40 linatosha kwa beti zote tatu.

Binti_wa_Mto

Mimi naomba kupinga kidogo. Mnatetea kana kwamba kutoelewa ni kosa la mtoto. Singapore wanaimba kwa Kimalei, ingawa wananchi wengi si Wamalei na wengi hujifunza maneno kwa kukariri. Ireland wimbo uliandikwa kwa Kiingereza, ukatafsiriwa, na leo huimbwa kwa Kiayalandi ilhali wengi wanaishi kwa Kiingereza. Taifa linaweza kuchagua lugha ya heshima, sawa. Lakini likichagua, liifundishe. Sisi tunakaririsha tu.

Pia kuna Wakenya ambao hawaimbi kwa sauti kabisa. Kifungu hichohicho cha 7 kinaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kinaifanya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Kabla ya kubishana kuhusu lugha ya tano, mkalimani asimame mbele karibu na mlingoti, si nyuma ya bendi.

Sauti_ya_Tatu

@Binti_wa_Mto hapo nakuunga mkono. Na mkalimani apewe mwendo wa wimbo mapema, kwa sababu bendi zikienda haraka ishara za mstari wa tatu hazimaliziki.

Mdau_Kayole

Nimebadilisha hoja: "Maana ya beti zote tatu ifundishwe kabla ya kukaririshwa." Anayepinga atalazimika kutetea kukariri. Mwenye noti za sauti nne za beti ya pili na ya tatu anitumie kwa ujumbe wa faragha, tafadhali. Nilizo nazo ni za ubeti wa kwanza pekee.