Safari ya wiki mbili nje kwa wanaosoma lugha chuoni, inasaidia kweli au ni matembezi?

mwaka_wa_pili
Wakuu habari zenu. Nasoma Kifaransa chuo, na idara yetu imetangaza safari ya mafunzo Ufaransa, siku 16, darasa zima na walimu wawili. Si lazima wala haina maksi ila wanatusisitiza sana twende. Nyumbani wako tayari kujibana wanilipie na hicho ndo kinaninyima usingizi, maana nikiangalia ratiba naona makumbusho, asubuhi moja kwenye chuo chao, makumbusho tena, basi, hoteli. Rafiki yangu anasema hela hiyo bora nimlipe mtu wa kunisemesha mtandaoni kila siku kwa miezi kadhaa, nitafika mbali zaidi. Na tatizo langu ni kuongea hasa, kusoma nasoma vizuri, insha naandika, ila mtu akinisemesha ghafla nakauka. Walioenda naomba mniambie ukweli, siku 16 zinabadilisha kitu au watu wanarudi na picha tu?

kijana_wa_sarufi
Mi nilienda, safari kama hiyohiyo, na wiki ya kwanza yote sidhani kama niliongea Kifaransa cha kujaza dakika 10. Na sikuwa mvivu. Mko ishirini na kitu kwenye basi moja, mnalala hoteli moja, lugha ya nyumbani ndo inatawala toka asubuhi, na kila penye shida mwalimu anatangulia kuongea kwa niaba yenu ili muda usipotee. Yaani tulikuwa Ufaransa lakini Kifaransa tulikuwa tunakiona dirishani kinapita.

Kilichonisaidia ni siku moja niliyoachwa nyuma stesheni. Nikaenda dirishani nikauliza, kwa sentensi niliyoipanga kichwani kwanza, kama bado kuna treni za kwenda tulikofikia, yule mama akanijibu haraka "y en a plus". Sasa mimi plus naijua ni zaidi, nikaelewa zipo nyingine, nikashukuru nikaenda kukaa kwenye benchi. Nimekaa zaidi ya saa nzima, ubao unabadilika na treni yangu haitokei. Niliporudi akanirudia polepole huku mkono wake unakata hewani: il n'y en a plus. Hakuna tena. Darasani tulifundishwa ukikanusha unaweka ne huku na plus kule, kwahiyo masikio yangu yalikuwa yanaisubiri ile ne, kumbe kwenye kuongea wanaiacha, na kinachobaki kutofautisha ni s ya mwisho, ikitamkwa ni zaidi, isipotamkwa ni hakuna tena. Sheria yenyewe ipo kitabuni na nilishaijibu mpaka kwenye mtihani, lakini ni baada ya lile benchi ndo nikisikia plus sikio linakimbilia mwisho wa neno lenyewe bila mimi kufikiri.

Nenda, ila tafuta namna ya kujitenga na kundi kila siku hata saa moja.

mwalimu_wa_lugha
Ndugu muuliza swali, nafundisha lugha chuoni na safari hizi nimeziongoza mara kadhaa. Hilo la basi na hoteli ni kweli kabisa, na sisi walimu tunachangia, maana ukiwa na jukumu la watu wote hao unataka mambo yaende haraka basi unaongea wewe.

Kuna utafiti huwa nawasimulia wanafunzi kabla hatujaondoka, wa Freed, Segalowitz na Dewey, ulitoka 2004. Walilinganisha wanafunzi 28 wa Kimarekani waliokuwa wanasoma Kifaransa, kuna waliobaki darasani kama kawaida, kuna waliopelekwa Ufaransa, na kuna waliobaki hukohuko Marekani lakini wakaingia kwenye programu ya kiangazi ambayo ni Kifaransa tupu asubuhi mpaka usiku. Walioongoza kwa kuongea kwa mtiririko ni hao wa kiangazi ambao hawakuvuka mpaka wowote, na wale wa Ufaransa wenyewe walisema nje ya darasa walitumia Kiingereza kuliko Kifaransa. Programu za aina hiyo zimeanza zamani, chuo cha Middlebury kule Vermont, Marekani, wanazo tangu 1915, na siku hizi mwanafunzi anasaini ahadi kwamba muda wote wa kozi atatumia ile lugha aliyokuja kusoma basi.

Na hata ukihamia kabisa lugha haiingii yenyewe. Kwenye fani yetu anatajwa sana Mjapani mmoja ambaye mtafiti Schmidt alimwandika 1983 kwa jina la Wes, alihamia Hawaii, anapiga stori na watu, anajieleza, anapendwa, lakini miaka mitatu sarufi yake ya Kiingereza ilikuwa karibu palepale, maana watu walimwelewa hivyohivyo na hakuna kilichomlazimisha aangalie maumbo ya maneno.

Kwahiyo mimi nampa kila mwanafunzi kitu kimoja kidogo cha kufukuzia. Kwa Kifaransa mfano ni nous na on, yote mawili yanaweza kumaanisha sisi. Vitabu vinawajaza nous, sasa nenda kasikilize, andika kila ukisikia mtu anasema on akimaanisha sisi, alikuwa anaongea na nani, wako wapi. Siku ya tatu anakuja mwenyewe kuniambia mwalimu mbona nous hawaisemi vile nilivyotegemea. Na jioni tunakaa dakika 20, kwa Kifaransa tu, kila mtu anasema alichonasa. Hapo hata yule mwoga anaongea, kwa sababu ana kitu chake cha kusema ambacho mwenzake hana. Erasmus nayo, ile programu ya Ulaya ya kubadilishana wanafunzi iliyoanza 1987, siku hizi inaruhusu wanafunzi safari fupi za siku 5 hadi 30 lakini zinatakiwa ziambatane na kazi ya mtandaoni, na mimi naona ni sawa kabisa, safari fupi isiyo na kabla wala baada inayeyuka haraka mno.

fusha_na_mtaa
Naheshimu sana mwalimu ila naomba niwatetee wanaoenda, maana Kifaransa ni afadhali, njooni kwetu tunaosoma Kiarabu. Miaka miwili nimefundishwa fusha, yaani Kiarabu sanifu cha vitabuni, ambacho nataka ni uridu. Nimefika Cairo mtu akitaka kitu anasema ayiz, mwanamke anasema ayza, na ukienda Sham, yaani Syria na majirani zake, utakuta biddi. Neno NATAKA, ambalo mtoto mdogo analijua! Mwalimu wetu alishatuambia ipo lugha ya kuandika na ipo ya kuongea, tukaandika kwenye daftari, lakini sikuelewa uzito wake mpaka siku ya kwanza niliposimama barabarani taarifa ya habari kwenye redio naielewa yote na watu wawili waliosimama mbele yangu siwaelewi hata sentensi moja. Nililia usiku ule, nawaambia ukweli.

Lakini ndo siku niliyojua nasoma nini hasa. Nilivyorudi nikachagua lahaja moja, nikatafuta mtu wa Cairo wa kuongea naye mtandaoni mara tatu kwa wiki, na huyo nisingemtafuta kama sikwenda, maana nisingejua kama namhitaji. Sasa mtu akisema siku chache hazimfanyi mtu aongee, ni kweli, mimi sikurudi naongea. Nilirudi najua pengo liko wapi na nikaacha kujidanganya na maksi.

daftari_la_sauti
Mimi sikwenda, hali haikuruhusu, na niliumia kuona wenzangu wanaenda. Nilifanya hilo la kuongea na watu mtandaoni, mwaka mzima, na kuongea kulikuja kweli. Ila kitu ambacho mtandaoni sikupata ni kelele. Kwenye simu mnaongea wawili, anakusubiri, anakurudia. Nilipokuja kukaa na wasemaji watano wanaoongea kwa pamoja, wanakatizana, nilipotea kabisa. Ukiweza fanya vyote, anza na mtandao SASA kabla ya safari.

mwaka_wa_pili
Asanteni sana kwa kweli, nimesoma yote mara mbili. Nilikuwa nawaza ni hili au lile, sikuwaza kwamba vinategemeana. Zimebaki wiki 9, nimeshapata mtu wa kuongea naye Jumanne na Ijumaa. Na leo nimemfuata mwalimu wetu nikamwomba vitu viwili, tusilale hotelini wote bali wanaotaka wapangwe wawili wawili kwenye familia, na ile asubuhi moja ya chuoni ziwe asubuhi nne hata kama makumbusho yatapungua. La chuo amesema atawaandikia, la familia amesema ni gumu ila hajakataa. Mwalimu wa hapo juu, naomba kuuliza, ile kazi ya on na nous naweza kuichukua mimi, au kwa mtu anayekauka kama mimi ungempa nyingine?

mwalimu_wa_lugha
Ichukue, ila ongeza kitu kimoja. Usisikilize tu, kila siku muulize mtu mmoja usiyemjua swali ambalo jibu lake hulijui kweli, njia, saa, maana ya tangazo, na usiku andika alichojibu neno kwa neno kadiri unavyokumbuka. Pale ambapo huwezi kukumbuka acha nafasi wazi kwenye mstari, usijaze kwa kubuni. Hizo nafasi wazi ndo utakuja nazo jioni.