Miundo ya limfu ya daraja la tatu katika saratani: inapigana au ni dalili tu?

Mdadisi:
Wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Nimesoma kwamba ndani ya baadhi ya vimbe za saratani huzuka mikusanyiko ya seli za kinga inayofanana na tezi za limfu, iitwayo miundo ya limfu ya daraja la tatu, na kwamba wagonjwa walio nayo mara nyingi huitikia vizuri zaidi tiba ya kinga (dawa zinazousaidia mfumo wa kinga wa mwili kuishambulia saratani). Je, mikusanyiko hiyo yenyewe hupambana na saratani, au ni alama tu kwamba mapambano yanaendelea?

Hadubini:
Ndugu Mdadisi, tezi za limfu za kawaida hujengeka mtoto akiwa bado tumboni, ilhali miundo hii huzuka baadaye, katika tishu yenye inflamesheni (hali ya kinga kuwaka mahali penye madhara) ya muda mrefu. Kemokini (protini inayoziita seli) iitwayo CXCL13 huzivuta seli B (seli za kinga zinazohusika na kingamwili), mishipa maalumu ya damu huzipitisha limfosaiti (seli nyeupe za damu, zikiwemo seli B na seli T), na seli T hukaa kando pamoja na seli za dendriti zinazozionyesha antijeni (alama ambazo kinga huzitambua) za uvimbe. Muundo ukikomaa, hutokea kitovu ambamo seli B huzaliana na kunoa kingamwili zao, kisha baadhi yake hugeuka seli za plazma, yaani zile zinazomwaga kingamwili. Kwa hiyo naamini hupambana, lakini ile iliyokomaa; lundo la limfosaiti lisilo na mpangilio halistahili kuhesabiwa pamoja nayo.

Daktari wa Wodi:
Nakubaliana na Hadubini kuhusu ukomavu, ila kuhusu kupambana ningekuwa mwangalifu zaidi. Tafiti tatu zilizochapishwa pamoja katika jarida la Nature, Januari 2020, kuhusu melanoma (aina ya saratani ya ngozi), saratani ya figo na sarkoma (saratani ya tishu kama misuli, mafuta na mifupa), zilionyesha kwamba seli B na miundo hii huambatana na mwitikio mzuri wa tiba. Kuambatana si kusababisha. Mahali nako kuna uzito. Katika saratani ya ini, miundo iliyo ndani ya uvimbe imehusishwa na hatari ndogo ya ugonjwa kurudi mapema baada ya upasuaji, ilhali utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika ini lenye inflamesheni miundo ya namna hiyo iliweza kuzihifadhi na kuzilea seli changa za saratani.

Mdadisi:
Nashukuru. Basi bayopsi (kipimo cha kipande cha tishu) moja ya sindano inatosha kuamua kama mgonjwa anayo?

Hadubini:
Ikionekana, umeipata, isipoonekana, hujathibitisha kwamba haipo, kwa kuwa hukaa kwa mafungu, mara nyingi ukingoni mwa uvimbe, na sindano huchukua kipande chembamba mno. Uliza pia kama mgonjwa alikuwa akitumia steroidi (dawa za kutuliza kinga), kwani katika saratani ya mapafu zimeonekana kudhoofisha vile vitovu vya seli B.