RFE ya P-3: wanasema shoo yangu haina utamaduni wetu

Dada wa Bagamoyo, Toronto

Habari zenu ndugu zangu, naomba msaada wa haraka. Jana tumeletewa RFE, yaani barua ya uhamiaji ya kudai ushahidi zaidi, kwenye ombi langu la P-3, ile viza ya Marekani ya wasanii wa sanaa yenye utamaduni wa kipekee. Wengi mnaijua hii shoo, niko peke yangu jukwaani na zeze na njuga miguuni, naimba habari za Wamarekani wa zamani waliokuwa na vituko vyao. Kuna Norton aliyejitangaza mfalme wa Marekani yote 1859, kuna Victoria Woodhull aliyegombea urais 1872 wakati wanawake hata kura hawana, kuna Carrie Nation aliyekuwa anaingia baa za Kansas na shoka anavunja chupa na vioo, na kuna Henry Box Brown, mtumwa aliyejifungia ndani ya sanduku la mbao 1849 akatumwa kama mzigo kutoka Richmond mpaka Philadelphia akawa huru, na huyu alifia hapahapa Toronto 1897. Ukumbi mmoja wa Minnesota ndio umenialika na wao ndio waliojaza I-129, fomu ya kuniombea. Sasa barua inauliza, kama wahusika wote ni wa Marekani, utamaduni wa Kitanzania uko wapi? Jamani shoo nzima ni utenzi! Mizani nane nane, na kina cha mwisho hakibadiliki mpaka namaliza. Norton anaanza hivi:

Mchele uliposhuka
Mali yote ikatoka
Kofia akajivika
Kajiita Sultani

Swali langu ni moja tu: kuna anayemfahamu mtaalamu wa tenzi, awe Marekani au Canada, ambaye ameshawahi kuandika barua ya utaalamu kwa ajili ya P-3? Barua ya BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, tulishaiweka, inaonekana haijawatosha.

Mzee wa Houston

Mwanangu pole sana. Ila P-3 ndiyo kosa lenyewe, ungeomba O-1B, ile viza ya wasanii wenye jina. Kijana wangu anapiga gitaa, wakili alimkusanyia magazeti yote yaliyomtaja, na mikataba, na barua za wanamuziki wenye majina, faili nene kama msahafu, akapata na mpaka leo anapiga. P-3 hiyo ni ya ngoma za asili.

Kaka wa Columbus

Shikamoo mzee, lakini tafadhali tusimchanganye huyu dada, ana RFE mkononi na hiyo RFE ina tarehe ya mwisho. O-1B wanataka mtu mwenye jina kubwa kuliko wenzake kwenye fani, na anayeimba kumbi ndogo ndogo hiyo ni kazi ngumu kuithibitisha. Na si kweli kwamba P-3 ni ya ngoma za asili peke yake. Dada, mwambie wakili asome uamuzi wa Skirball wa 2012. Ilikuwa bendi ya Argentina inapiga klezmer, muziki wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wameuchanganya na muziki wa kwao Amerika Kusini. Mwanzo walikataliwa, AAO, ofisi ya rufaa ya uhamiaji, wakageuza, wakasema muziki uliochanganywa nao unaweza kuwa wa kipekee. Kanuni inaangalia mtindo wa sanaa na namna inavyofanywa, hakuna mahali inaposema hadithi lazima iwe ya kwenu. Kwa hiyo hoja yako ni utenzi, Norton ni abiria tu humo ndani.

Mtu wa Mombasa, Seattle

Hapo kwa mtindo nakubali, lakini usiandike kuwa utenzi ni wa Tanzania maana mtaalamu yeyote atakushangaa. Tenzi ni za Waswahili, Mwana Kupona alitunga wake huko Pate karibu 1858, mwaka mmoja tu kabla ya Norton kujitangaza. Kanuni ya P-3 inataja nchi na inataja pia jamii na kabila, kwa hiyo andikeni Waswahili wa pwani mtakuwa salama zaidi. Na huyo Norton watu wanamfanya kichaa tu, si haki. Alikulia Afrika Kusini, akafika San Francisco 1849 na mtaji wake, akanunua mchele wa Peru akitegemea bei itapanda, meli nyingine zikaingia na mchele bei ikaanguka, akafilisika. Akatoa amri 1872 lijengwe daraja la kuunganisha Oakland na San Francisco, watu wakacheka, daraja likafunguliwa 1936. Noti zake alizitoa mwenyewe na wenye maduka wakazipokea. Mhamiaji aliyepoteza kila kitu mji ukamtunza, hiyo ni habari yetu sisi.

Mama wa Minneapolis

Nyie mnabishana karatasi, mimi ile video ya Box Brown nimeiangalia nikalia. Saa 27 ndani ya sanduku, kuna mahali wamemgeuza kichwa chini miguu juu, mishipa ya kichwa imejaa damu, na asipige hata kelele. Wanafungua anatoka anaimba zaburi. Hapo huyu binti anaweka zeze chini zinabaki njuga tu, nikakumbuka ngoma za usiku nyumbani, nimemiss sana. Ila mwanangu usije ukajaribu kuja na B-2, viza ya matembezi, ukaimba. Kwaya yetu ilishawahi kufanya hivyo, mmoja akasema uwanja wa ndege kwamba wanauza CD, wakarudishwa wote na sare zao.

Mzee wa Houston

Na hata akipata hiyo P-3, asiye mkazi anakatwa 30% ya malipo kabla hajaiona hela. Aulize mapema habari ya CWA, yale makubaliano na watu wa kodi ya kupunguziwa makato.

Mtu wa Tabora, Dallas

Yote haya yanatokana na pasipoti. Angekuwa Mkenya angechukua uraia wa Canada akabaki na wa kwao, wenzetu wanaruhusiwa tangu katiba ya 2010. Sisi ukichukua wa huku umepoteza wa nyumbani, mpaka lini?

Kaka wa Columbus

Ndugu, raia wa Canada naye akija kuimba kwa malipo anahitaji hiyohiyo I-129. Anachookoa ni ile viza ya kugongwa kwenye pasipoti basi. Uraia pacha naupigania kuliko wewe, lakini hapa si mahali pake.

Mtu wa Tabora, Dallas

Mahali pake ni wapi sasa, maana kila tukianza mnasema si hapa.

Mama wa Minneapolis

Basi wanangu. Mimi na kina mama wa huku tumeanza kuchangishana hela ya I-907, fomu ya kuharakisha ombi, shoo isiahirishwe.

Kaka wa Columbus

Mama hela hizo wapeni ukumbi, wao ndio waombaji. I-907 inaweza kuingia pamoja na majibu ya RFE, kisha ni siku 15 za kazi. Lakini majibu yaende yakiwa kamili, hayatumwi kipande kipande.