Kompyuta za ofisi zinachelewa kuwaka, nianze na RAM (kumbukumbu ya muda) au diski?

Habari zenu ndugu. Niko Malaba, upande wa Uganda, ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani. Tuna kompyuta sita za mitumba, Windows 10, RAM GB 4, diski zile za kuzunguka. Asubuhi nawasha, navuka barabara kununua chai na chapati, narudi kiduara bado kinazunguka. Dereva naye kasimama dirishani na makaratasi yake.

Jana nilibonyeza Ctrl+Shift+Esc, ikafunguka Task Manager, nikatazama matumizi: diski 100%, prosesa haifiki hata 15%, RAM karibu imejaa. Kwenye Startup nikakuta programu kumi na moja zinazojiwasha zenyewe, ikiwemo ya printa tuliyoitupa zamani! Nimezima nne, antivirasi sijaigusa. Nafuu ipo, ila kiduchu.

Bosi anataka tuongeze RAM. Mimi naona tuweke SSD kwanza, zile diski zisizozunguka. Au RAM ikijaa ndiyo inayoitesa diski? Aliyewahi kubadilisha kwenye mashine kuukuu anisaidie. Pia nataka kurekodi matumizi ya siku nzima bila kukaa nakodoa macho. Performance Monitor, programu ya Windows ya kurekodi vipimo, nimeifungua, ila vipimo ni vingi mno: nichague vipi?