Janga likianza kupungua, tuangalie nini kabla ya kusema "sasa fungueni"?

Mshonaji

Wakuu, habari zenu. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye karakana ya ushonaji. Wakati wa korona tulifungwa, kisha siku moja tukaitwa kazini, na hakuna aliyetueleza kwa nini iwe siku ile na si wiki mbili kabla au baadaye. Sasa wenzangu wamenipa kazi ya kuandika maoni ya wafanyakazi kwa ajili ya mpango wa dharura, maana magonjwa ya namna hii hayajaisha duniani.

Nimekwama mahali pamoja. Wakubwa wananiambia kazi ikisimama watu watakufa njaa. Akina mama wenye wazazi wazee nyumbani wananiambia mali hutafutwa, roho haitafutwi. Wote nawaelewa, na sitaki kuandika maneno ya kumridhisha kila mtu. Mnaojua, nisaidieni: mtu aone nini ndipo aseme fungua? Na aone nini ndipo aseme funga tena?

Mazingira yetu: cherehani zimepangwa bega kwa bega, madirisha yako upande mmoja tu, na kwa kelele za mashine watu huinamiana wakisemezana sikioni.

ZamuYaUsiku

Ndugu Mshonaji, mimi ni muuguzi, na nimehudumia wagonjwa wa korona wodini. Nianze na kitu kilichokuwa kinatupa shida sana: takwimu huchelewa. Mtu aliyeambukizwa leo huanza kuumwa baada ya siku 5 au 6 hivi, wengine hata 14. Atakayezidiwa anatufikia kama wiki moja baadaye, na wanaofariki hufariki baadaye zaidi. Kwa hiyo vifo vinavyotangazwa leo ni habari za maambukizi ya wiki tatu au zaidi zilizopita. Ukifungua kila kitu Jumatatu, halafu Jumatatu inayofuata ukaona wodi imetulia, bado hujaona chochote. Ndiyo maana mimi nasema fungueni kidogo kidogo, na kati ya hatua moja na nyingine zipite wiki mbili kamili.

Vipimo vipo. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kabla ya kulegeza, wanaokutwa na virusi wawe chini ya asilimia 5 ya wanaopimwa, kwa wiki mbili mfululizo. Hapo lazima muwe mnapima watu wa kutosha, la sivyo asilimia hiyo haina maana. Ujerumani nao, tarehe 6 Mei 2020, walikubaliana kwamba wilaya ikivuka wagonjwa wapya 50 kwa kila watu 100,000 ndani ya siku 7, masharti yanarudi. Namba yenyewe unaweza kubishana nayo. Ninachokiheshimu ni kwamba waliitaja siku ileile ya kulegeza, kabla presha haijapanda. Andika hivyo kwenye maoni yako.

Halafu msidanganyike na hesabu ya vitanda. Kumlaza kifudifudi mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia kunahitaji watu wanne au watano: mmoja ameshika kichwa na ule mpira, wengine wanageuza kiwiliwili, mwingine anaangalia dripu zisichomoke. Muda wote huo hakuna wa kumkimbilia mgonjwa wa kitanda cha tatu. Kitanda hakiuguzi mtu. Ulizeni wauguzi wako wangapi, na wangapi kati yao ni wagonjwa.

Kuhusu karakana yenu, Machi 10, 2020, kwaya moja huko Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya ukumbi. Walikuwa 61. Mmoja alikuwa na dalili kama za mafua. Wengine 52 waliugua, kwa kuthibitishwa na vipimo au kwa dalili, na wawili wakafariki. Ninyi mnainamiana sikioni zamu nzima. Kabla ya kununua dawa ya kupulizia sakafu, shughulikieni hewa.

MkonoKwaMkono

Dada muuguzi umesema vema, ila hapo kuna mtu umemsahau. Mimi nalipwa kwa siku. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wenye kazi duniani, wako kwenye ajira zisizo rasmi kama yangu. Mtu wa aina yangu akiamka na homa anameza vidonge viwili anakwenda, maana asipokwenda watoto hawali. Hata mngeweka namba nzuri namna gani, kikohozi kitafichwa mpaka siku mtu atakapohakikishiwa kwamba akibaki nyumbani atalipwa.

Na naomba tusiseme "uchumi" kana kwamba ni jambo la matajiri. Mwaka ule wa 2020, kwa hesabu za Benki ya Dunia, watu wapatao milioni 70 walitumbukia kwenye ufukara uliokithiri. Hizo nazo ni roho. Shule nazo zilifungwa kwa zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5. Wa kwangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha silabi, na aliporudi darasani ilibidi aanze upya. Ikiwa lazima kitu kifunguliwe kwanza, kiwe shule za watoto wadogo.

Hesabu_Wazi

Nimesomea uchumi, nitasema machache. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Goolsbee na Syverson, waliangalia nyendo za wateja Marekani mwanzoni mwa janga. Wateja walipungua kwa takriban asilimia 60, ila kati ya pointi hizo 60, amri za serikali zilieleza 7 tu. Waliobaki walijifungia wenyewe kwa woga, hasa waliposikia vifo karibu nao. Kwa hiyo kufungua milango watu wakiwa bado wanazikana hakurudishi wateja. Wakubwa wa Mshonaji walijue hilo.

Na kufunga tena si aibu. Kwenye janga la mafua la 1918, watu wa San Francisco, Marekani, walivua barakoa kwa shangwe Novemba 21, na Januari 1919 amri ya kuvaa ikabidi irudi.

Mshonaji

Nawashukuru sana. Nimeandika mambo matatu: namba ya kufunga tena itajwe siku ya kufungua, mwenye dalili abaki nyumbani kwa malipo kamili, na ukuta usio na dirisha utobolewe. Menejimenti wamekubali ukuta. Malipo wanasema watu watajifanya wagonjwa.

MkonoKwaMkono

Waulize mashine zikisimama wiki mbili, wanapoteza kiasi gani. Kisha hilo la malipo usilitoe.

ZamuYaUsiku

Na siku tatu za kwanza wasidai cheti cha daktari. Mtu mwenye homa kukaa foleni ya kliniki akitafuta karatasi ni kuwaambukiza wengine, na anatujazia kazi sisi. Muhimu ajue kwa hakika kwamba mshahara wake uko palepale, aage kwa simu, alale.