Dada yangu anataka kuhamia jangwani California, naombeni mawazo

Katumba_Juu (Rungwe):
Wakuu, habari za jioni. Dada yangu ni nesi Los Angeles, ana mume na watoto wawili. Kodi ya nyumba imewachosha, sasa wanataka kununua Indio, bonde la Coachella, jangwani karibu na Palm Springs. Ni mbali na Los Angeles kama Mbeya hadi Makambako na kuzidi kidogo. Kanitumia video: mitende, bwawa la kuogelea, jua la Januari, na kwa mbali mlima San Jacinto una theluji. Mama kaitazama, akauliza kitu kimoja tu: "Mvua inanyesha lini?" Huku Tukuyu tunapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kule haifiki 150. Halafu nimeona Indio ilikuwa na watu 49,000 mwaka 2000, na 2020 wamefika 89,000. Wanafuata nini?

Mtu_wa_Barabara:
Mkuu, ukame haujawahi kuzuia watu. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu laki nne na ushee 2012, sensa ya 2022 likapita laki saba na nusu. Watu wanafuata kazi na viwanja.

Mama_Kihesa (Iringa):
Mwanangu, nimefanya kazi hotelini Palm Desert kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo nasema nilichokiona. Kuanzia Novemba hadi Aprili pale ni pazuri mno. Wastaafu wanatoka Canada na majimbo ya baridi, asubuhi gofu, jioni wanakula nje. Wengine wanakuja msimu mmoja, mwaka unaofuata wananunua nyumba. Na familia za Los Angeles zinakuja kwa sababu nyumba ni nafuu kuliko kwao.

Kiangazi ni habari nyingine. Chuma cha mkanda wa gari kinaunguza mkono, usukani tunaufunika taulo. Mbwa wanatembezwa saa kumi na moja alfajiri, baadaye lami inawababua miguu. Julai 2024 Palm Springs ilifika nyuzijoto 51. Wageni wakiondoka hoteli zinapunguza saa za kazi, na sisi wa usafi ndio tulianza kukatwa. Dada yako ni nesi, kazi haitamsumbua, wagonjwa wapo mwaka mzima. Shemeji anafanya kazi gani? Hilo uliulize mapema.

Mpunga_Usangu (Mbarali):
Mama yako kauliza swali lenyewe. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, na sisi huku tuliendelea kuongezeka, mashamba na mifugo. Nakaa kwenye vikao vya zamu za maji. Mfereji ukipungua, majirani waliozikana wanashikana mashati. Inauma kuona.

Coachella wanatumia maji ya chini ya ardhi, pamoja na mfereji unaoleta maji ya mto Colorado tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Mto huohuo unategemewa na Las Vegas, Phoenix na Los Angeles, hadi wakulima wa Mexico, na tangu 2000 umepungua sana. Viwanja vya gofu bondeni humo vinazidi 100! Sisemi asihame. Ila ajue nyumba yake inapata maji kwa nani, na maji ndani ya visima vyao yanapanda au yanashuka. Hizo taarifa mamlaka za maji za kule wanazitoa wazi.

Katumba_Juu:
Asanteni sana, nimempigia. Shemeji ni mpishi wa hoteli, kwa hiyo hoja ya msimu imemgusa. Shikamoo mama wa Kihesa, bili ya umeme ikoje?

Mama_Kihesa:
Marahaba mwanangu. Juni hadi Septemba kiyoyozi hakizimwi hata usiku, kuna siku saa nne usiku bado ni nyuzijoto 38. Amwombe anayeuza bili za Julai na Agosti kabla hajasaini chochote. Na nyumba akaione mwezi wa nane, saa nane mchana, aingie vyumba vyote.